Mtoto wa wiki 6 mwenye macho ya manjano apimwe, asianikwe juani

Dada, acha kumwanika mtoto juani. Umeandika kwamba ana wiki 6, macho bado ni ya manjano na kinyesi "kimepauka kidogo", na kwamba zahanati imekutuliza kwa kuwa ananyonya vizuri na uzito unapanda. Kisha ukauliza kama ubadilishe maziwa. Kesho asubuhi mpeleke hospitali yenye maabara, udai bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ipimwe kwa mafungu yote mawili, ya jumla na ya moja kwa moja, na usiondoke na ya jumla peke yake.

Nasema kwa ukali kwa sababu mwanangu aliambiwa maneno hayohayo. Manjano ya kawaida ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini ambayo ini changa bado halijaishughulikia, na kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake mara nyingi huisha ndani ya wiki 2. Bilirubini ya moja kwa moja ni ile ambayo ini limekwisha kuishughulikia lakini imekosa njia ya kutokea, na jua halina la kuifanya. Ikizidi miligramu 1 kwa desilita, mtoto achunguzwe upesi, kwa sababu huenda mirija yake ya nyongo imeziba na ini linaharibika huku yeye mwenyewe akionekana mnene na mchangamfu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mhudumu aliyetuambia kila wiki kwamba "ni manjano ya maziwa ya mama" hakufungua nepi hata mara moja. Angeifungua angekuta kinyesi chenye rangi ya udongo mkavu wa mfinyanzi, na mkojo ulioacha doa la manjano iliyokolea kwenye kitambaa cheupe, ilhali mkojo wa mtoto wa umri ule hutakiwa kuwa karibu hauna rangi. Taiwan iliweka picha za rangi za kinyesi ndani ya kijitabu cha afya ya mtoto nchi nzima mwaka 2004, ili mzazi alinganishe mwenyewe nyumbani. Sisi tulipewa jua.

Gharama ya kungoja ni hii. Kuna upasuaji unaoitwa Kasai, kwa jina la daktari Morio Kasai wa Japani aliyeuanzisha miaka ya 1950, ambao huondoa mirija iliyoziba na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja kwenye ini ili nyongo ipate pa kupita. Hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60, na baada ya siku 90 matumaini hupungua sana. Wa kwetu alifika kwa mpasuaji akiwa ameingia mwezi wa 4. Alipasuliwa, nyongo haikutiririka vya kutosha, ini likaendelea kuwa gumu, tumbo likajaa maji, na mwishowe akapandikizwa kipande cha ini la mama yake. Yu hai, na ninashukuru, lakini atameza dawa za kuzuia mwili usilikatae ini hilo kwa miaka yote ijayo.

Wako ana wiki 6, yaani siku 42, na ultrasaundi pamoja na kipimo cha kipande kidogo kinachokatwa kwenye ini huchukua siku zake, kwa hiyo kila "rudi wiki ijayo" inakula muda wa upasuaji. Wakikuambia bilirubini ya jumla inashuka, uliza tena ya moja kwa moja ni ngapi na wakuandikie tarakimu. Uliza pia kama amepata vitamini K, kwa sababu nyongo isipofika utumboni mwili hauifyonzi vizuri, na mtoto anaweza kutokwa damu hata kichwani. Piga picha ya kila nepi mchana, kwenye mwanga mzuri, na uende nazo.

Maziwa usiyaguse kwanza; endelea kumnyonyesha mpaka majibu ya damu yatoke.