Tela limegonga ukingo wa ghala kwenye rivasi

Pole sana ndugu. Umesema kitako cha tela kimevunja ukingo wa jukwaa la kupakulia, utingo amebanwa mguu, na mwenye ghala anakutaka usaini karatasi kwamba kosa ni lako. Usisaini. Kwanza utingo: hata kama anatembea, mpelekeni polisi akachukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda kutibiwa, halafu hospitali leo hii hii. Mguu uliobanwa unaweza kuvimba baadaye.

Gari lisisogezwe kabla ya picha na polisi kufika. Piga picha za matairi ya mbele yalivyogeuzwa, taa za nyuma, zege lililomeguka, na hata mafuta sakafuni kama yapo. Chukua namba ya simu ya mlinzi aliyekuwa akikuelekeza. Kisha mjulishe tajiri mwenye gari, na bima. Habari za nani alipe ukingo waachie wao.

Safari ijayo ingia rivasi kwa kukunjia tela upande wako wa kulia, kwenye usukani, uone kitako kwa macho. Ukikunjia kushoto, kioo kinaonyesha ubavu wa tela tu. Na utingo asimame pembeni, mahali unapoweza kumwona. Akipotea kwenye kioo, kanyaga breki hapo hapo.