Maswali yenu: Maduka makubwa ya mjini yamekwenda wapi?

Barua nyingi za safari hii zimekuja juu ya jambo moja: maduka makubwa ya katikati ya mji, yale ya ghorofa, yaliyouza nguo, sufuria, viatu na vitabu chini ya paa moja. Wengine wanauliza ya hapa Lubumbashi, wengine ya kule ng'ambo wanakoishi watoto wao. Mimi Yaya, yaani mkubwa wenu, nayajibu pamoja, maana kwa maoni yangu yanahusiana kuliko yanavyoonekana.

Yaya, mjukuu wangu anakaa Philadelphia. Amenitumia picha ya duka kubwa la mjini limefungwa, eti ndani kuna hata kinanda. Marekani ni nchi tajiri, watu wananunua kila siku. Imekuwaje? — Mama wa Katuba

Mama, jambo kwako na kwa watu wa nyumba yako. Jengo hilo ni la Wanamaker. Lilizinduliwa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wetu kuanzishwa ukiitwa Elisabethville. Ndani kuna ukumbi mrefu unaopanda ghorofa kwa ghorofa, sanamu ya tai yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na kinanda chenye mabomba zaidi ya 28,000. Watu wa mji ule wakipeana miadi husema tukutane kwa tai. Kampuni ya Macy's, iliyokuwa inaendesha duka hilo miaka ya mwisho, ililifunga Machi 2025, likiwa mojawapo ya maduka 150 hivi iliyotangaza kuyaacha.

Ukiuliza sababu, kila mtu atakwambia ni intaneti. Kuna ukweli ndani yake. Watu wananunua kwa simu, na kabla ya simu walikuwa wamekwisha kuhamia maduka ya pembezoni yenye nafasi ya magari. Lakini jibu hilo linambebesha mteja lawama yote, na mwenye duka haguswi. Tazama Debenhams, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza. Mwaka 2003 ilinunuliwa na makampuni ya uwekezaji yakishirikiana. Mwaka 2005 majengo 23 ya maduka yake yakauzwa kwa pauni milioni 495, na Debenhams ikageuka mpangaji katika nyumba zilizokuwa zake, kwa mikataba ya miaka mingi. Mwaka 2006 hisa zake zikarudishwa sokoni huku kampuni imebeba deni la zaidi ya pauni bilioni moja, na wale walioinunua wamekwisha kuvuna. Biashara ya mtandaoni ilipokuja kwa nguvu, duka halikuwa na pesa ya kujirekebisha, kwa kuwa kila mwezi kulikuwa na kodi ya pango na riba. Mwaka 2021 milango ya mwisho ilifungwa.

Mama, ni sawa na mtu anunue nyumba yako kwa mkopo, hati ya deni iandikwe jina lako, halafu uanze kulipa kodi ya chumba ulichokuwa unalala bure. Ukishindwa, majirani watasema hukujua kutunza nyumba.

Hata Macy's yenyewe, kati ya mwisho wa 2023 na Julai 2024 iliandamwa na wawekezaji waliotaka kuinunua. Kilichowavutia zaidi ni ardhi na majengo. Nguo na vyombo havikuwa shida yao.

Aliyetoa mkopo si naye anapoteza duka likifa? Nani atakubali kukopesha hivyo? — Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Mdogo wangu, anayekopesha hujilinda kwanza. Anashika majengo kama dhamana, anakata ada siku ya kwanza, na mara nyingi deni lenyewe anamuuzia mtu mwingine. Duka likifilisika, watu wanapanga mstari wa kulipwa, na wafanyakazi wako nyuma. Toys R Us, maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ilinunuliwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 6.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Mwaka 2018 maduka yake ya Marekani yakafungwa, na watu zaidi ya 30,000 wakapoteza kazi. Kule Uingereza, kampuni ya maduka ya BHS iliuzwa mwaka 2015 kwa pauni moja, ndiyo, pauni moja, ikaanguka mwaka uliofuata: kazi 11,000 na pengo la pauni milioni 571 katika mfuko wa pensheni. Mmiliki wa zamani alilipa pauni milioni 363 mwaka 2017, baada ya bunge na wasimamizi wa pensheni kumkalia kooni. Bila kelele ile sidhani wazee wale wangeona kitu.

Baba yangu anasema zamani watu walivaa viatu safi kwenda kutazama vitrini mjini. Sisi vijana hatukuona hayo. Nani aliyaua maduka hayo? — Kijana wa Kamalondo

Swali hili ndilo lililonifanya nikalie barua hizi.

Kwanza usidhani ilikuwa pepo. Maduka ya mji wa wazungu, ya makampuni kama Sedec na ya wafanyabiashara Wagiriki na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, yalijengwa katika mji uliotenganishwa kwa makusudi na sité, mitaa ya Waafrika. Babu yako hakuruhusiwa kutembea mjini usiku apendavyo. Mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, alichukua posho yake na kununua vitu katika kantini ya kampuni. Baada ya uhuru ndipo watu wetu walipoanza kuingia kwa mlango wa mbele, na kumbukumbu ya baba yako huenda ni ya miaka hiyo.

Pigo la kwanza lina tarehe: 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapewa raia wa Zaire. Waliopewa waliitwa acquéreurs. Wengi walikuwa wakubwa wa chama na wa serikali, au jamaa zao. Wengi wao hawakuagiza mzigo mpya. Waliuza uliokuwa rafuni, wakaweka pesa mfukoni, na rafu zikabaki tupu. Linganisha na Debenhams: mwenye mali mpya haoni duka kama kazi ya miaka, anaona kitu cha kukamua haraka. Hapa ilifanyika kwa amri ya rais na kule kwa karatasi za wanasheria. Serikali ilijaribu kuwarudishia wenyewe mwaka 1976, lakini wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Bei ya shaba nayo, iliyopaa mwanzoni mwa 1974, iliporomoka kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia yetu ya kupeleka shaba baharini. Mji unaoishi kwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, Gécamines ikikohoa, unalala hoi: kampuni iliyotoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Katikati hapo mgodi wake wa Kamoto uliporomoka, Septemba 1990, na uporaji wa 1991 ulifika hadi kwetu. Wenye maduka waliofunga wakati ule waliona vioo vimevunjwa, hawakurudi.

Ila kuna jambo ambalo watu hulisahau. Mwaka 1994 bei za vitu zilipanda zaidi ya asilimia 9,000. Fikiria duka kubwa lina mzigo wa miezi mitatu. Linauza shati leo, na kesho pesa ya shati hilo hainunui hata kola. Kila linapouza linakuwa maskini zaidi. Mama aliyepanga bidhaa zake chini katika soko la komini yetu ya Kenya aliuza asubuhi, mchana akabadilisha dola kwa kambisti, jioni akanunua mzigo mwingine. Yeye alipita, duka likakwama. Ndiyo maana biashara ya mji huu hadi leo ni ya vibanda. Watu wanaosema Wakongo hawajui kuendesha duka kubwa wanasahau kwamba kwa miaka ile duka kubwa lilikuwa njia ya uhakika ya kufilisika.

Ukipita mjini, ingia katika moja ya yale majengo ya zamani yaliyokatwakatwa kuwa vibanda vya simu na wigi. Angalia chini. Sakafu ya vipande vya mawe iliyong'arishwa inaendelea moja kwa moja chini ya kuta za mbao, kutoka kibanda hadi kibanda, na nakshi yake inakatika pale mbao ilipopigiliwa.

Nimekuta kijitabu cha akiba cha marehemu baba, kina mamilioni ya zaire. Naweza kudai? — Mjane, Kenya

Pole sana, Mama. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3. Mwaka 1998 falanga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Piga hesabu: zaire za zamani bilioni 300 ni falanga moja. Hakuna cha kudai, na mtu akikwambia anaweza kukusaidia ukimlipa kwanza, usimpe kitu.

Yaya, kuna grupu ya WhatsApp. Unaweka dola 100, kila mwezi wanakupa asilimia 30. Rafiki yangu amelipwa mara mbili, nimeona kwa macho yangu. Niingie? — Kijana wa Ruashi

Usiingie. Na kama rafiki yako bado ana kitu ndani, atoe leo.

Sikatai kwamba amelipwa. Analipwa kwa dola za walioingia baada yake. Fanya hesabu mwenyewe kwenye simu: dola 100 kwa asilimia 30 kila mwezi, usipotoa, baada ya mwaka unadai dola 2,330. Hakuna mgodi wa Kolwezi wala lori la Kasumbalesa linalozalisha hivyo. Ili wewe ulipwe lazima waje wengine ishirini na zaidi, na kila mmoja wao naye anahitaji ishirini wake. Mahali fulani watu wanaisha.

Nchi yetu imekwisha kulia kilio hiki. Kinshasa, 1990 na 1991, palikuwa na Bindo Promotion, iliyoahidi kuzidisha pesa mara kadhaa kwa wiki chache. Watu waliuza friji, waliuza viwanja, na wa kwanza walilipwa kweli, ndiyo sababu foleni zikawa ndefu. Mwaka 1991 ikaanguka na akiba za watu. Jiulize kwa nini wakati ule: mshahara haukutosha wiki moja, benki hazikutoa pesa, akiba iliyeyuka. Mtu aliyenyimwa njia zote za kawaida atajaribu hii. Simlaumu hata kidogo, na wewe sikulaumu kwa kutamani. Nawakasirikia wanaojua anayefuata ni nani na bado wanapokea pesa ya muuza mkaa.

Kama unataka kuweka akiba, likelemba, yaani mchango wa zamu, ya watu unaowajua kwa nyumba zao ni salama zaidi, maana hakuna anayeahidi faida. Coopec, yaani ushirika wa akiba na mikopo, nayo inafaa, ila uliza kwanza kama ina kibali cha Banque Centrale du Congo, na ukione. Wakikuzungusha, ondoka. Usikope Banque Lambert, yaani kwa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ili uingie katika grupu kama hiyo. Nimepata barua mbili za watu waliofanya hivyo na sitazichapisha, zinaumiza.

Malori ya shaba yanapita usiku na mchana. Pesa yake mbona haijengi hata duka moja la maana mjini? — Mwalimu, Likasi

Mwalimu, nchi sasa inatoa zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya enzi bora za Gécamines. Lakini Gécamines, pamoja na makosa yake yote, ililipa mishahara mingi hapa, na ilikuwa na shule, hospitali na kantini. Kampuni za leo zinatumia mashine kubwa na watu wachache, vifaa vinakuja tayari kutoka nje, na faida inakwenda kwa wenye hisa. Mwaka 2003 watu kama 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mkupuo kwa jina la "kuondoka kwa hiari", wakapewa fungu moja la pesa. Hao ndio waliokuwa wateja wa duka lako.

Detroit ya Marekani inafanana nasi zaidi, mji wa magari kama wetu ulivyo wa shaba. Duka lake la Hudson's, mojawapo ya makubwa kabisa duniani, lilianza kujidhoofisha lenyewe: mwaka 1954 kampuni ilijenga maduka ya Northland nje ya mji, na wateja wenye magari wakaenda huko. Viwanda vikapungua, mji ulioshika watu milioni 1.85 mwaka 1950 ukabaki na 639,000 mwaka 2020. Duka lilifungwa 1983, likabomolewa 1998. Sasa pamesimama mnara mpya, na jengo la ofisi pembeni yake.

Nina kibanda katika jengo la zamani mjini. Mwenye jengo amebadilika, mpya anataka garanti (dhamana ya pango) ya miezi sita tena, kwa dola. Je, ana haki? — Mama muuza vitenge

Garanti uliyokwisha kutoa ni yako hadi utakapotoka, na aliyenunua jengo amelinunua pamoja na deni hilo, isipokuwa mkataba wako uwe unasema vingine. Kwa hiyo kwanza tafuta karatasi. Kama ulilipa bila risiti, itafute hata meseji ya M-Pesa au Airtel Money ya siku ile. Pili, nenda ofisi ya Habitat ya komini, inayoshughulikia mambo ya nyumba, uulize kama mkataba wako ulisajiliwa na kama mwenye jengo mpya ameonyesha hati yake. Usilipe garanti ya pili kabla hujaiona hati hiyo, maana kuna wanaojiita wamiliki na bado wanagombana mahakamani.

Tatu, usiende peke yako. Mko wangapi humo ndani, kumi na tano, ishirini? Andikeni barua moja, kila mtu aweke sahihi na namba ya kibanda chake, nakala ibaki kwenu na muhuri wa kupokelewa. Ukiweza nitumie nakala ya mkataba, ukifuta majina. Nitamwonyesha mwanasheria kabla ya safu ijayo.