Waliomuokoa ndo haohao waliomtoa

Wiki hii mmeuliza, kwenye vyama vya kikomunisti nani hasa anamuweka kiongozi na nani anamtoa, maana ukiangalia kura zao ni mikono yote juu. Jibu langu fupi ila maelezo marefu kidogo mnivumilie. Anatolewa na walewale waliomuweka, siku wakiona anagusa ulaji wao.

Chukua Khrushchev, katibu wa juu wa chama cha Wasovieti (Urusi na wenzake) baada ya Stalin. Watu wanamkumbuka kwa makombora ya Cuba, lakini mi naona utamu wa habari yake uko kwenye vikao. Juni 1957 wazee wa Presidium (kile kikao kidogo cha vigogo wa juu wa chama, ndo Politburo hiyohiyo, kipindi kile waliibadili jina) kina Molotov, Malenkov na Kaganovich walimkalia kikao na wengi wakataka atoke. Ungedhani jamaa anafunga virago. Akagoma! Akasema mimi nimechaguliwa na Kamati Kuu sio nyie, basi na iitwe. Hapo msichanganye na Kamati Kuu ya CCM, ile ya Wasovieti ilikuwa na watu zaidi ya mia, ni kama Halmashauri Kuu yetu. Zhukov, waziri wa ulinzi, akatoa ndege za jeshi zikawazoa wajumbe huko mikoani wakaja Moscow, na wengi walikuwa makatibu wa mikoa ambao Khrushchev mwenyewe ndo aliwapandisha, sasa hapo ulitegemea wapige kura gani? Wazee wakaangukia pua. Molotov akapelekwa ubalozini Mongolia, Malenkov akaenda kusimamia kituo cha umeme Kazakhstan. Na Zhukov? Oktoba mwaka uleule naye kapigwa chini, maana mwenye ndege za kumuokoa bosi anazo pia za kumshusha.

Mashine yenyewe ni hiyo tu. Katibu wa juu anawapanga makatibu wa mikoa, makatibu wa mikoa wanajaa kwenye mkutano mkuu na Kamati Kuu, halafu Kamati Kuu inamchagua katibu wa juu. Duara. Ukilitunza linakutunza.

Sasa Khrushchev akalichezea. 1961 akaingiza kwenye katiba ya chama kwamba kila uchaguzi angalau robo ya Kamati Kuu iwe sura mpya, halafu Novemba 1962 akaigawa mikoa, mkoa mmoja unakuwa na kamati mbili za chama, moja ya viwanda moja ya kilimo. Hebu jiweke kwenye kiti cha huyo katibu, umezoea kila simu ya mkoa inaishia mezani kwako, leo unaambiwa chukua mambo ya ng'ombe na mahindi, viwanda ana mwenzako.

Oktoba 12, 1964 mzee yuko mapumziko Pitsunda, Bahari Nyeusi, anaongea kwa simu na wanaanga watatu wa chombo cha Voskhod wakiwa hukohuko angani, anawapongeza. Jioni ikaingia simu nyingine, ya Moscow, njoo kuna kikao, mambo ya kilimo. Kesho yake akashuka uwanja wa ndege hakuna mapokezi, yuko Semichastny mkuu wa KGB, idara ya usalama, na watu wachache. Kikao cha Presidium kikaenda siku mbili, wa kumtetea mjumbe mmoja tu, Mikoyan. Na safari hii hakuweza kusema iitwe Kamati Kuu, kwa sababu ilikuwa imeshaitwa, watu wameshakusanyika wanasubiri tu wainue mikono. Wananchi wakaambiwa kaondoka sababu ya uzee na afya. Wale wanaanga walipokuja kupokewa Moscow tarehe 19, waliowalaki ni Brezhnev na Kosygin, waliorithi viti vyake!

Afadhali yeye alipewa pensheni, gari na nyumba nje ya mji. Beria, bosi wa polisi wa siri, 1953 alikamatwa humohumo kikaoni, Desemba akapigwa risasi, na waliokuwa na ensaiklopidia ya serikali wakatumiwa kurasa mpya zenye habari za Bahari ya Bering, wakate ukurasa wake kwa wembe wabandike hizo. Khrushchev alikufa Septemba 1971, Pravda, gazeti la chama, likampa mistari michache, tena siku ya maziko.

Brezhnev somo alilielewa vizuri mno. Ile mikoa akaiunganisha upya haraka, ile robo ikafutwa 1966, watu wakaachwa kwenye viti vyao wazeeke kwa raha, naye akakaa miaka 18 bila mtu kumgusa mpaka akafia kitini Novemba 1982. Ila wote walizeeka pamoja! Andropov aliyemrithi akafa Februari 1984, Chernenko aliyefuata naye Machi 1985. Baba yangu mdogo alikuwa anasoma Moscow miaka hiyo, anasema ilifika mahali redio ikianza tu muziki wa huzuni asubuhi bila maelezo, bwenini hakuna anayeuliza kuna nini, wanaulizana zamu ya nani.