Maji yakichemka, bondi ya O–H haivunjiki

Salama mkuu. Umekwama hapa: kitabu kinasema bondi ya O–H, ile inayounga oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli ya maji, ni imara sana, halafu maji yanachemka kwa nyuzi 100 tu. Unauliza moto wa jiko unaivunjaje.

Hauivunji. Mvuke unaotikisa mfuniko wa sufuria bado ni H₂O ileile. Kinachoachia ni mvutano kati ya molekuli moja na jirani yake.

Wanafunzi wangu nawaambia waangalie fomula kwanza. Kama haikubadilika, usizitaje bondi za ndani kwenye jibu lako. Namba zinaonyesha wazi: kuvunja moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya bondi za O–H kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 463, na kila molekuli ya maji inazo mbili. Kugeuza moli moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni takriban kilojuli 41.

Sasa linganisha na H₂S (haidrojeni salfaidi), yenye salfa mahali pa oksijeni. Molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, lakini inachemka kwenye nyuzi −60. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi kuliko salfa, kwa hiyo haidrojeni ya maji hubaki na chaji chanya kidogo, ikavutwa na oksijeni ya molekuli ya pembeni. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni, na wengi hupoteza alama kwa kuiweka ndani ya molekuli.

Swali lako lingine, la iodini kugeuka mvuke, lijibu vivyo hivyo: ule mvuke wa zambarau bado ni I₂, molekuli ileile ya iodini.