Mwanangu anachapwa madrasa: je, nikimtoa nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Ngarenaro, Arusha. Mwanangu ana miaka minane. Ikifika saa kumi jioni anaficha kandambili zake chini ya kitanda ili asiende madrasa. Jana nikimwogesha nimeona alama za bakora kwenye mashavu ya miguu. Kisa, kakosea herufi. Baba yake anasema Mtume (s.a.w.) karuhusu kuchapa, na samaki mkunje angali mbichi. Nikimsomesha nyumbani nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Huna dhambi. Lililo wajibu kwenu ni mtoto aijue dini yake. Pa kumfundishia mtachagua nyinyi.

Hadithi anayoitaja mumeo ameipokea Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi: waamrisheni watoto wenu kuswali wakiwa na miaka 7, na wapigeni kwa ajili yake wakiwa na miaka 10. Watu wanashika kipande cha mwisho tu. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu ya swala tano kila siku, yaani mzazi ameshamwita mtoto kwa mdomo zaidi ya mara 5,000. Tena hapo pametajwa swala, herufi hazimo. Mwanao hata huo umri hajaufikia! Na wanazuoni waliokubali kipigo walishurutisha kisiumize wala kisiache alama.

Mtume mwenyewe, aliyeisema hadithi hiyo, aliishije na watoto? Anas bin Malik alimtumikia miaka 10 tangu utotoni, na anasema Mtume hakuwahi kumwambia hata "uff", neno la kuonyesha kuchoshwa. Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa amesujudu, naye Mtume akairefusha sijda mpaka mtoto aridhike.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu wa karne ya 14, aliandika kwamba mwanafunzi anayefundishwa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili auepuke mkono wa mwalimu. Kandambili chini ya kitanda ndiyo hila yenyewe.

Mimi nilichapwa kwa ajili ya herufi ya Kiarabu dhwaad nikiwa na umri wa mwanao. Hadi leo nikiswalisha, nikikaribia "waladh-dhaalliin" mwishoni mwa Al-Fatiha, penye herufi hiyo, viganja vinanitoka jasho. Mwambie mumeo samaki mbichi hukunjwa kwa mikono, taratibu. Ukimpiga gongo unamponda.

Ila usimtoe kimya kimya, kuna watoto wa wenzio wamebaki pale. Nendeni wote wawili kwa ustadhi, mwonyesheni zile alama. Akikubali kuiweka bakora chini, mrudisheni, kwa sharti mlango wa darasa uwe wazi na mtoto asibakizwe peke yake na mtu mzima yeyote, hata awe nani. Akikataa, ipeni habari kamati ya msikiti, na pigeni 116, simu ya mtoto.

Nyumbani, dakika ishirini baada ya Magharibi zinatosha kuanzia. Aya mbili za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, ubavuni mwako. Akikosea, isome wewe tena kwa sauti, naye akufuate.

Wallahu aalam.