Silikoni au maji ya chumvi: mfuko ukipasuka utajuaje?

Dada, umeuliza kwa mifuko ya kuongeza matiti uchague ya silikoni au ya maji ya chumvi, na kama mfuko ukipasuka utajua. Kwenye kupasuka ndipo penye tofauti kubwa. Wa maji ya chumvi ukitoboka, mwili huyafyonza maji bila madhara na titi linanywea. Utaliona kwenye kioo ndani ya siku chache. Silikoni ya sasa ni nzito kama jeli, ikivuja inaweza kukaa palepale miaka bila dalili. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) au altrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Gharama hiyo wengi wanaisahau!

Kwa mguso, silikoni inashinda, hasa kwa mwembamba, kwa sababu mfuko wa maji huonyesha mikunjo chini ya ngozi. Kuweka chini ya msuli wa kifua huficha kiasi, ila maumivu ya mwanzo huzidi.

Pia unaweza kuhamishiwa mafuta yako mwenyewe, ya tumbo au mapaja. Ongezeko ni dogo, na sehemu yake hufyonzwa.

Kama bado utanyonyesha, sema mapema: mkato wa kuzunguka chuchu huhatarisha mirija ya maziwa kuliko ule wa chini ya titi. Na muulize daktari kama mfuko una uso laini au wa kukwaruza. Huo wa pili umehusishwa na aina adimu ya limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu.