Pancha Njiani na Kamera Katika Msafara wa Baiskeli

Barua tatu zimefika mezani pangu mwezi huu kuhusu safari za baiskeli za makundi, na kwa kuwa zinashikana nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu nusura iwe habari ya msiba.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salamu kutoka Mukono. Sisi ni kundi la waendesha baiskeli kumi na wanne, wake kwa waume, na mara moja kwa mwezi tunakwenda Jinja kupitia msitu wa Mabira. Safari iliyopita, tulipokuwa tumeupita mji wa Lugazi, mwenzetu mmoja wa katikati ya msafara alipata pancha ya gurudumu la mbele, akashika breki papo hapo. Aliyemfuata alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja akiturekodi. Akamgonga, wakaanguka wote wawili kwenye lami huku lori likija nyuma yao. Kwa rehema za Mungu dereva aliwahi kusimama. Tangu siku hiyo kundi limegawanyika: wengine wanataka kurekodi kupigwe marufuku, wengine wanasema kosa ni la aliyeshika breki. Nani ana haki, na safari ijayo tufanyeje? — Msomaji, Mukono.

JIBU: Poleni sana nyote, na hasa hao wawili walioanguka. Umeniuliza nani ana haki, nami sitalikwepa swali. Wote wawili walikosea, lakini makosa yao hayalingani kwa uzito. Aliyepata pancha alishtuka, na mtu aliyeshtuka hushika breki kama vile aliyeguswa na moto anavyovuta mkono, ikiwa hakuna aliyemfundisha kufanya vingine. Aliyekuwa akirekodi hakushtushwa na chochote. Aliamua mapema, akiwa na akili zake timamu, kuondoa mkono mmoja kwenye usukani na macho yote mawili kwenye gurudumu lililokuwa mbele yake, ilhali katika msafara anayefuata nyuma ndiye mwenye wajibu wa kutunza nafasi iliyopo baina yake na mwenzake. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, baiskeli hukata karibu mita 7 kila sekunde. Kutazama kioo cha simu kwa sekunde mbili ni kusafiri mita 14 bila macho.

Hata wanaolipwa kwa kazi hii hawaokolewi na ustadi wao pale mtu anapoijali kamera kuliko barabara. Tarehe 26 Juni 2021, katika hatua ya kwanza ya mashindano ya Tour de France, mtazamaji mmoja aliwapa mgongo waendeshaji akawa anaionyesha kamera ya televisheni bango lake la karatasi ngumu. Mjerumani Tony Martin akaligonga bango hilo, akaanguka, na makumi ya wenzake wakaporomokeana nyuma yake. Mtazamaji yule hakukusudia ubaya. Alikuwa anaitazama kamera wakati baiskeli zinakuja.

Hata hivyo siungi mkono marufuku. Kumbukumbu ya safari ni jambo jema, na nimeona makundi yakipata wanachama wapya, hasa akina mama waliodhani baiskeli si yao, kwa sababu ya video fupi iliyowaonyesha watu wa rika lao wakipanda mlima bila haraka. Kubalianeni tu kwamba simu haishikwi mkononi na mtu yeyote aliye juu ya baiskeli inayotembea, awe mbele, katikati au nyuma. Anayetaka kurekodi afunge kamera ndogo kwenye usukani au kifuani, aiwashe kabla ya kuondoka, na asiiguse tena hadi mtakaposimama; au atangulie peke yake, ashuke, asimame nje ya barabara na kuwarekodi mnapopita. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa hutoa picha tulivu zisizotikisika na haimhatarishi mtu.

Sasa tuje kwenye pancha yenyewe. Tairi linapoanza kuisha upepo, mwili hujua kabla ya macho: likiwa la mbele, usukani huwa mzito na kuyumba kwenye kona, likiwa la nyuma, kiti huteleza huku na huku na rimu hugonga kila shimo. Hapo usishike breki kwa nguvu. Paza sauti, "Pancha!", acha kukanyaga pedali, na uiache baiskeli ipunguze mwendo ikiwa imenyooka, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Walio nyuma na mbele walirudie neno hilo hadi wote walisikie, na aliye nyuma kabisa, ambaye hana mwenzake nyuma wa kumgonga, ndiye ainue mkono kuwaonya madereva. Ikilazimu kushika breki, tumia ile ya gurudumu zima, kwa sababu tairi lisilo na upepo likibanwa huweza kuteleza juu ya rimu na kukuangusha.

Nchini Uganda tunaendesha kushoto, basi mtatoka kushoto, lakini tazameni ukingo wa lami kwanza. Mahali pengi lami imemegeka na udongo uko chini yake kwa kimo cha kiganja. Anayeshuka kwa kuusugua ukingo huo ubavuni hunaswa gurudumu na kuanguka. Punguzeni mwendo, mshuke mahali palipo sawa, na kama hapapo, simameni mshuke kwa miguu. Msisimame kwenye kona wala nyuma tu ya kilele cha mlima, ambapo dereva hawezi kuwaona mpaka awe amewafikia. Ndani ya Mabira, ambamo miti hufanya kivuli kizito na malori ya kwenda Malaba na Busia hayakatiki, ni afadhali kuisukuma baiskeli dakika tano kutafuta sehemu pana kuliko kutengeneza pale pale ilipotobokea. Kundi zima litoke barabarani. Nimeona mara nyingi watu wawili wakiinama kwenye gurudumu na wenzao kumi wakisimama juu ya lami kuwatazama, kana kwamba magari nayo yamesimama kuangalia.

Wazee walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenye pancha ndivyo ilivyo. Mtu mmoja atoe gurudumu, mmoja asaidie kwa tyubu na pampu, na mwingine aliyevaa nguo ya rangi kali arudi nyuma kiasi cha hatua sitini, akiwa nje ya lami, awaonyeshe madereva ishara ya kupunguza mwendo. Waliobaki wanywe maji. Barabarani badilisheni tyubu. Kuziba ni kazi ya nyumbani au ya fundi. Kama ni gurudumu la nyuma, pelekeni kwanza mnyororo kwenye gia ya nyuma iliyo ndogo kabisa kwa umbo ndipo litoke bila kung'ang'ana. Anzeni kuling'oa tairi upande ulio mkabala na valvu, yaani pale pa kujazia upepo, na mkilirudisha malizieni kwenye valvu, kwa sababu hapo ndipo tyubu hubanwa kwa urahisi. Msitumie bisibisi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa najifunza, nilitoboa tyubu mpya kwa bisibisi saa kumi na mbili jioni, kiza kinaingia, na haikuwepo nyingine.

Jambo moja hapa lazima nilisisitize kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko pancha zenyewe. Tyubu iliyotoka isitupwe mpaka mmeijaza upepo na kulitafuta tundu, kisha mkailinganisha na tairi, valvu kwa valvu, ili mjue kilichotoboa kiko wapi. Kwenye barabara kuu adui mkubwa ni uzi mwembamba wa chuma unaobaki pale tairi la lori linapopasuka. Huingia kwenye mpira na kujificha, macho hayauoni. Pitisheni kipande cha kitambaa ndani ya tairi lote, nacho kitanasa. Anayeweka tyubu mpya bila kuutoa uzi huo atasimama tena baada ya kilomita mbili, na wenzake kumi na watatu watasimama naye.

Kisha kuna valvu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwama kwenye barabara ya Tororo tukiwa na pampu tatu katika kundi la watu wanane, na hakuna hata moja iliyoifaa valvu ya mwenzetu aliyepata pancha. Zipo aina tatu mtakazokutana nazo: ile nene inayofanana na ya gari, ile nyembamba ya baiskeli za mbio yenye kinati kidogo kichwani ambacho hulegezwa kabla ya kujaza, na ile ya baiskeli zetu nyeusi za mizigo. Tyubu yenye valvu nene haiingii kwenye rimu iliyotobolewa kwa ajili ya ile nyembamba. Basi asubuhi kabla ya kuondoka kila mtu aonyeshe tyubu yake ya akiba, na pampu ijaribiwe kwenye kila aina ya valvu iliyopo. Ni kazi ya dakika kumi.

Na huyo aliyepata pancha asirekodiwe akihangaika, isipokuwa mwenyewe ameridhia. Mtu aliyelowa jasho, mikono imejaa grisi, huku wenzake wakimsubiri, tayari ana mzigo wa kumtosha.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni mwalimu hapa Tororo. Kwa wiki moja nimepata pancha tatu za gurudumu lile lile la nyuma, na fundi ananiambia ninunue tairi jipya. Je, ananidanganya? — Mwalimu, Tororo.

JIBU: Mwalimu, tyubu zako zitakujibu vizuri kuliko mimi. Zichovye kwenye beseni la maji, kama wafanyavyo mafundi wetu chini ya mwembe, na utazame mapovu yanatoka wapi. Tundu moja upande wa nje maana yake ni mwiba, msumari au uzi wa chuma, na yakitokea mahali pale pale kila mara, basi kilichotoboa bado kimo ndani ya tairi. Tundu upande wa ndani, unaoelekea rimu, huletwa na kichwa cha spoku, na dawa yake ni utepe mpya wa rimu, usio ghali. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni alama ya tyubu iliyobanwa kati ya rimu na shimo la barabara kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Tairi jipya linahitajika pale tu la zamani linapoonyesha nyuzi zake au kuwa na mpasuko.

Kuhusu upepo, soma kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lako. Kwa makadirio, tairi jembamba la lami la milimita 25 huhitaji kati ya 80 na 100 kwa kipimo cha psi, na tairi pana la inchi 2 hutosheka na 30 hadi 40, kutegemea uzito wa mpandaji na mzigo. Unapoziba, sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, kisha subiri dakika tano hivi mpaka ikauke usoni ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na kiraka huachia safarini.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa Jinja na ninataka kurekodi safari za kundi letu la chuo. Video zangu hutoka nyeusi asubuhi, zinatikisika, na sauti yake ni upepo mtupu. Pia nimesikia nikipita kwenye bwawa naweza kukamatwa. — Mwanafunzi, Jinja.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Giza la asubuhi hutoka kwenye jua lenyewe. Kundi linalokwenda mashariki asubuhi lina jua usoni, na kamera inayotazama mbele huliona jua kwanza, watu baadaye. Tangulia usimame kandokando, uelekeze kamera magharibi wanakotoka wenzako: nyuso zao zitakuwa zimemulikwa vizuri. Jioni mkirudi magharibi mambo hugeuka, nawe ugeuke nayo.

Mtikisiko ni wa usukani. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, kamera iliyofungwa kifuani hutulia zaidi, kwa sababu mikono na miguu yako hupunguza makali ya matuta. Sauti ya upepo hupungua ukiifunika maikrofoni kwa kipande cha sponji. Kumbuka pia kwamba video ya 4K hula nafasi nyingi: kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45, na kadi ya 64 itajaa kabla hamjafika mbali. Rekodi vipande vifupi mnaposimama na pale ulipotangulia.

Kuhusu bwawa, uliyoyasikia ni kweli. Kupiga picha kwenye Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, hakuruhusiwi, na walinzi wapo. Zima kamera kabla hujafika, uifunike au uiweke mfukoni, maana mlinzi hawezi kujua kutoka mbali kama imezimwa. Ukisimamishwa, shuka, salimia, na ueleze kwa upole.

Mwisho ni watoto. Wakiona kamera hukimbia na baiskeli, na wengine huingia barabarani kabisa ili waonekane. Ukiona wanaanza kukimbia, acha kurekodi, punguza mwendo, uwapungie wakiwa wamesimama. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto, kwa hiyo sura zao usizisambaze kabla hujazungumza na mama au baba aliyepo pale kijijini. Mara nyingi yuko karibu, kwenye kibanda cha ndizi au bustanini, na ukimwomba kwa heshima ukamwonyesha ulichorekodi, atakujibu bila kukuzungusha.